Bandikeni Bei, Wageni Watakaa Moshi

Mgeni aliyeshuka Kilimanjaro leo anatafuta vitu vya kawaida kabisa: dobi, kinyozi, duka la dawa, vocha ya simu, sahani ya chakula cha moto. Vyote vipo Moshi, na vingi unavifikia kwa miguu kutoka mnara wa saa. Lakini wengi hulala usiku mmoja, asubuhi wanapelekwa uwanja wa ndege wa KIA au mbugani, na hakuna duka hata moja la mjini lililoona shilingi yao. Kwa maoni yangu, kinachowafukuza ni bei isiyojulikana.

Chukua mafundi viatu wanaokaa kandokando ya barabara karibu na soko. Buti likipigwa na mawe na matope ya njia ya Machame, mlimani, kwa siku sita, soli huachia mbele. Fundi mzuri hakimbilii gundi. Anaifungua soli mpaka pale iliposhika bado, anasugua pande zote mbili kwa msasa, anapaka gundi, anaiacha ikauke kidogo, anagandamiza, kisha anapitisha uzi wa nailoni kuzunguka buti zima. Ni kazi ya ufundi hasa, na mgeni huketi akaitazama mpaka mwisho. Sasa ulizia bei. Fundi anamtazama mwenye buti, anamtazama aliyemleta, ndipo anataja. Na aliyemleta naye ana chake ndani ya hiyo bei. Mgeni akirudi hotelini akasikia mwenzake amelipa nusu yake, harudi tena, na wenzake anawaonya.

Najua nitaambiwa bei ni maelewano. Kwenye mitumba ya Kiboriloni nakubali, maana hakuna makoti mawili yanayofanana, na kupatana ndiyo raha yenyewe. Ila kunyoa, kufua na kushona soli ni kazi ileile, mteja awe Mmarekani au mtu wa Rombo. Mgeni akitaka kuongeza bakshishi, ataiongeza mwenyewe kwa moyo mweupe.

Na wageni si wazungu peke yao. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar na kila kona ya nchi, mji unafurika, na mtu aliyezaliwa Old Moshi anatajiwa bei ya bodaboda kama vile hajawahi kukanyaga Majengo. Hiyo inaniuma zaidi. Huyu ndiye mteja anayerudi kila mwaka, na mara nyingi anakuja na watoto wanaouona mji kwa mara ya kwanza.

Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo hata wanaokodisha makoti na mifuko ya kulalia, waliozoea kutaja dola, sasa wanapaswa kutaja shilingi. Basi waiandike ukutani, mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, na mgeni wake waisome pamoja. Kipande cha boksi na maka peni vinatosha.

Wapo mama ntilie wanaofanya hivyo tayari, kwa chaki kwenye ubao mlangoni: mtori, ndizi nyama, wali maharage, kila kimoja na bei yake. Mgeni asiyejua neno la Kiswahili ananyoosha kidole kwenye ubao, anakula, analipa, anaondoka bila kubishana na mtu. Kesho yake anarudi na wenzake.

Nauli za mabasi hutangazwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na abiria anayeijua nauli hutetea haki yake mbele ya kondakta. Manispaa nayo ingeweza kudai ubao wa bei kwa kila anayeomba au kuhuisha leseni ya huduma. Waanze na stendi na maduka yanayozunguka soko, kabla Desemba haijafika.