Paa la flati la huku siyo flati, wadau wa Mwanza tusikilizane

Mwangaluka wadau. Mi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia Igoma, sasa hivi naishi Chicago mwaka wa saba huu nafanya kazi ya matengenezo ya majengo, yaani mabomba, taa, milango, na kupanda juu ya paa kila mwezi wa kumi majani yakianza kupukutika. Naongelea paa la flati kwa sababu kwenye magrupu ya ujenzi naona watu wanaposti picha za maduka ya Ulaya na Marekani alafu wanamwambia fundi nitolee kama hii, na mi hilo paa limeniumiza, mama yangu ana fremu nne za biashara Buhongwa, hapo hapo Mwanza, zilipigwa slabu juu, yaani zege lililolala, na zinavuja tangu masika ya kwanza.

Nianze na huku. Ukitoka mjini kwenye yale maghorofa ukaenda pembeni kwenye masupamaketi, magodauni, maduka ya fanicha, shule, yote juu yamelala tu kama sanduku. Na huku kuna theluji, kwahiyo mtu unajiuliza kwanini wasiweke paa la mgongo theluji iteremke. Nilimuuliza msimamizi wangu wiki ya kwanza kabisa. Jibu la kwanza ni upana. Nyumba zetu za kawaida zina upana wa mita 10 hivi, kenchi, yaani zile mbao za pembetatu zinazobeba bati, inakaa bila shida. Sasa chukua supamaketi ya upana wa mita 60, ukiipiga paa la mgongo la nyuzi 20 tu kile kilele kinasimama karibu mita 11 juu ya kuta, yaani umejenga kama ghorofa tatu za hewa tupu, mbao na vyuma vyote vile umelipia, na ile hewa ukiiacha wazi juu ya duka unaipasha moto miezi mitano ya baridi bila kumuuzia mtu kitu. Wao wanalaza vyuma vyepesi vilivyosukwa kama ngazi iliyolala ubavu, juu yake mabati magumu, juu ya mabati sponji ngumu ya kuzuia joto na baridi, alafu wanafunika na shuka moja kubwa la mpira au plastiki. Imeisha hiyo. Na siku wakitaka kuongeza duka upande wa pili wanaunganisha tu, hawahangaiki na migongo miwili kukutana.

Jibu la pili ni mashine. Kule juu kumejaa mashine za kupoza na kupasha hewa, nyingine kubwa kama Hiace. Ukiziweka chini zinakula paking na wezi wa shaba hawachelewi, ukiziweka juu ziko katikati ya jengo, mabomba ya hewa yanakuwa mafupi, na fundi anatembea kuzunguka mashine kama yuko sebuleni. Jaribu kufanya hivyo kwenye bati lenye mwinuko. Na theluji wameshaipigia hesabu ya uzito tangu kwenye ramani, inakaa juu, nyingine inapeperushwa na upepo, haiwaporomokei wateja mlangoni, inayeyuka taratibu na maji yanashuka kwa mabomba yanayopita ndani ya jengo kwenye joto ili yasigande.

Lakini kilichonifungua macho mimi ni hiki. Huyo msimamizi wangu, mzee mmoja wa Kimexico, alichukua chupa yake ya maji ya kunywa akamwaga kidogo katikati ya paa akaniambia tazama. Yale maji yalisimama kidogo, kama yanafikiria, alafu yakaanza kutambaa, yakaukwepa mguu wa mashine, yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye tundu lenye chujio la chuma kama kofia. Kwa macho lile paa lilikuwa limelala kabisa. Kumbe linashuka kama sentimita 2 kila mita, na mara nyingi mwinuko wenyewe hauko kwenye vyuma, uko kwenye ile sponji, inakatwa nene upande huu nyembamba upande ule. Alafu pembeni juu kidogo kuna tundu jingine la akiba, ili la kwanza likiziba maji yatokee pale kabla hayajawa bwawa. Kanuni ya mafundi wa huku ni kwamba mvua ikikatika, baada ya saa 48 pasibaki dimbwi. Likibaki, kuna tatizo, linatafutwa. Wanaogopa kwa sababu maji ni mzigo, milimita 1 ya maji kwenye mita moja ya mraba ni kilo 1, kwahiyo paa la mita za mraba 1,000 likishika sentimita 5 tu limebeba tani 50.

Sasa turudi Buhongwa. Zile fremu za bi mkubwa slabu yake ni kama mita za mraba 100. Ile mvua yetu inaijua kila mtu aliyekulia kando ya ziwa, upepo kwanza, vumbi, mabati ya jirani yanapiga kelele, alafu inashuka yote kwa pamoja. Ikishuka ya milimita 50 pale juu ni lita 5,000, simtank zima la lita elfu tano limemwagwa kwenye slabu, na fundi alikuwa ameacha bomba moja tu la inchi 2 kwenye kona. Moja! Na kona yenyewe ndo iko juu kuliko katikati. Mwaka jana niliporudi likizo nilipanda ngazi nikakuta maji ya juzi bado yapo, ya kijani, na kwenye mdomo wa bomba kuna majani ya mwembe na mfuko wa plastiki umejikunja vizuri kabisa kama kizibo. Chini yake ndo kwa fundi cherehani, silingibodi ina duara la kahawia limejaa kama ramani, ndoo iko pembeni ya mashine. Yule dada hakugomba, alimwambia mama kwa sauti ya chini, "Mama, vitenge vya watu vimelowa, na harusi ni Jumamosi." Mama alikosa pa kuangalia. Mimi mwanae nikiwa nimesimama pale na elimu yangu ya mapaa ya watu wengine.

Tumepaka lami, ikapasuka. Tukapaka wotaprufu mara mbili, ikakaa msimu mmoja. Na siyo kwamba ilikuwa feki, zege la juu linachomwa na jua kutwa nzima linatanuka, saa tisa mvua inalipiga ghafla linasinyaa, kila siku hivyo hivyo, lazima liweke nyufa nyembamba kama unywele. Maji yakipita hapo yanaifikia nondo, nondo ikishika kutu inavimba na zege linabanduka kwa chini. Na joto je? Huku kuna sponji katikati, sisi ni zege tupu, linanyonya jua mchana usiku linakurudishia wewe uliyelala chini.

Kuna watakaosema slabu ni kwa ajili ya kupandisha ghorofa baadae, ndo maana nondo zinaachwa zimechomoza. Sawa, nakubali kabisa, lakini hiyo baadae wengi inachukua miaka 15, na miaka yote hiyo ile slabu ndo paa. Na wanaotaka muonekano, yale maduka ya zamani ya Wahindi mjini ninayoyakumbuka mbele ukuta umepanda juu wima umenyooka, ukizunguka nyuma unakuta bati limeinamia uani. Kuficha paa hatujaanza leo. Ukisimama Bugando ukaangalia chini unaona bati mpaka ziwani, tena mtaa mzima tunao unaitwa Mabatini, wale wazee hawakuwa washamba, walikuwa wanaijua mvua yao.

Mi sipingi flati kwenye jengo kubwa kweli, moli, hospitali, hoteli ya ghorofa nane, huko kuna injinia na kuna mtu analipwa apande akasafishe matundu. Fremu nne za mama mjane nani anapanda? Ukitaka slabu mwambie fundi akuoneshe kwa maji, siyo kwa mdomo, maji yanaelekea wapi, tundu ngapi, na likiziba yanatokea wapi.

Sisi tumeamua kupiga kenchi juu ya slabu ile ile. Nimetuma hela ya bati geji 28, mgongo mmoja unaoteremkia nyuma, gata ndefu, simtank kwenye kona ya choo ili wapangaji wapate maji ya kufulia. Ukuta wa mbele unabaki kama ulivyo. Mdogo wangu ananitumia video kila jioni, jana kenchi ya mwisho imepanda, na yule dada wa cherehani alitoka nje akasimama barabarani anaiangalia.