Nilitaka Ngome, Nikapewa Malkia

Mimi ni mtu niliyezoea kupangiwa mambo: kondakta hunipangia pa kusimama, mama watoto hunipangia mboga, na mwenye nyumba hunipangia tarehe ya kuchangia umeme. Hata hivyo, sikutarajia kwamba simu niliyoinunua kwa jasho langu ingekuja kunipangia hata kete za sataranji.

Usiku wa juzi nilikuwa nikicheza na shemeji yangu aliyeko Tanga, katika programu ya simu ambayo yeye ndiye aliyenisihi niipakue. Tulikuwa tumelana hadi kwangu akabaki mfalme na kitunda kimoja, ile kete ndogo kuliko zote, na kwake mfalme peke yake, amejibanza ukingoni mwa ubao kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Kitunda changu kilikuwa hatua moja kabla ya mstari wa nane, ambako sheria humruhusu mchezaji kukigeuza malkia, ngome, askofu au farasi kwa hiari yake. Nilitaka ngome. Malkia angezifunga njia zote za mfalme wa shemeji bila kumtishia, na mfalme asiyetishwa wala asiye na pa kwenda huleta sare. Ngome ingemwachia mlango mmoja, kisha ningemmalizia hapo hapo mlangoni.

Nikagusa kioo. Programu haikuniuliza lolote. Ikaniletea malkia, ikatangaza sare, na ikarusha na fataki. Ningejua tabia yake, ningemsogeza mfalme wangu kwanza.

Mwaka 1895 Fernando Saavedra, padri Mhispania aliyekuwa Glasgow, alipata sifa duniani kwa kuonesha kwamba katika fumbo moja kitunda kikigeuzwa ngome hushinda, ilhali malkia huambulia sare. Padri huyo hakuwa na simu wala bando, lakini alikuwa na hiari ambayo mimi, mwenye vyote viwili, nimenyimwa.

Kijana wa jirani yangu hutumia Lichess, programu nyingine ya sataranji, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, ambayo haitozi hata senti wala haina matangazo. Alinionesha kitunda kikifika mwisho, na kete zote nne zikajipanga zikingoja kuchaguliwa, kama samaki juu ya meza ya Feri. Humo pia unaweza kuitaka programu isubiri uthibitishe kila hatua, jambo ambalo abiria wa daladala ya Mbagala analihitaji kuliko mkanda wa kiti, kwa sababu kwangu mimi tuta moja la barabarani limekwisha kumtoa malkia wangu sadaka mara tatu. Sekunde za nyongeza baada ya kila hatua zipo, na mchezo uliokwisha unachambuliwa bure na Stockfish, programu ya kompyuta inayocheza sataranji. Yangu haina hata kitufe cha kutazama ulikosea wapi, labda kwa kuniheshimu.

Nilimsihi shemeji tuhamie huko. Akajibu, “Shemeji, mimi sioni kasoro yoyote, malkia ndiye kakuponza,” na kwa kuwa ndiye mwenye dada, sikubisha.

Nikafungua duka la programu hiyo nione kama hiari ya kuchagua kete huuzwa. Nikakuta ubao wa marumaru, farasi wenye mabawa, na ngome za dhahabu zinazometameta pande zote. Mimi nilihitaji moja tu, hata ya mbao.