Ramani ya rutuba mbele ya maweni ya Unguja

Fungua iSDAsoil, ramani ya udongo wa Afrika iliyokadiriwa kwa msaada wa picha za setilaiti, ukiwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, utaona rangi imetandaa bila kukatika: pH, kaboni, fosforasi, kila kipande cha mita 30 kwa 30 na namba yake. Ilitoka 2020, ni bure, na inatoa makadirio ya vina viwili, sentimita 0–20 na 20–50. Anayepanga mbolea ya ruzuku ana haki ya kuipenda, maana kuchimba udongo shehia kwa shehia kunakula fedha na miaka.

Ila mashariki na kusini mwa Unguja ni maweni, yaani ardhi ya mwamba wa matumbawe. Mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900, na humo mna jiwe tupu, vishimo vya udongo mwekundu, na uwanda ambako jembe hugonga mwamba kabla hata ya sentimita 15. Setilaiti huviona vyote kwa pamoja, na vichaka juu yake. Namba inayotoka si ya shimo wala si ya jiwe, ilhali mkulima anatia mbegu yake ya tungule ndani ya shimo.

Hapo ndipo majina ya udongo ya wenyeji, kinongo (udongo mwekundu), kichanga, kinamo, uwanda, yanapodharauliwa bure. Watafiti wa udongo wa miaka ya 1950 waliyatumia katika uainishaji wao, na hawakuwa wajinga. Ukiambiwa kinamo, umeshajua kuwa maji yatatuama na mpunga utakaa. Ukiambiwa kichanga, unajua yurea igawanywe mara mbili au tatu, kwani ikimwagwa yote kwa mkupuo masika huizamisha chini ya mizizi.

Fosforasi ndiyo inayotia wasiwasi zaidi. Udongo wa juu ya matumbawe una chokaa. Maabara ikipima kwa njia ya Bray, ambayo kimiminika chake ni asidi, chokaa huimaliza nguvu asidi hiyo kabla haijatoa fosforasi, na jibu huja dogo kuliko hali halisi. Udongo wa aina hii hupimwa kwa njia ya Olsen, yenye bikaboneti. Data za njia zote mbili zikimiminwa kwenye ramani moja bila kutenganishwa, maweni yataonekana yana njaa ya fosforasi. Mkulima atauziwa TSP, mbolea ya fosforasi, kumbe mmea wake unalilia zinki, ambayo hujifunga pH inapopanda, na fosforasi ya ziada huzidisha upungufu huo.

Watetezi wa setilaiti hujibu kwamba wachukuaji sampuli nao hukosea. Kweli kabisa. Hutumia ndoo ya bati lenye zinki, kisha wakashangaa zinki imejaa; huchota palipofungwa ng'ombe au palipochomwa taka; huchanganya kinongo na kichanga mfuko mmoja. Lakini makosa haya yana dawa: ndoo ya plastiki, vituo 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga katika aina moja ya udongo, changanya, punguza hadi nusu kilo, anika kivulini, chekecha kwa chekeche la milimita 2. Wastani wa mita 900 za mraba hauna chekeche.

Kwenye udongo wenye kina, usiobadilika kila hatua tatu, ramani hiyo inafaa kuchagua pa kuanzia kuchimba. Kwenye maweni, lebo ya mfuko wa sampuli iandikwe nukta za GPS, kina kilichofikiwa kabla ya jiwe, na jina la udongo kama mwenye konde anavyoliita. Maabara nayo iandike njia iliyotumia kando ya kila jibu la fosforasi.