Uraia Haukugawiwa: Tuwape Wanafunzi Nyaraka Zenyewe

Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniletea notisi zake za historia nimsaidie kujiandaa na mtihani, na humo nikakuta sentensi iliyonikera: "Abraham Lincoln aliwapa watumwa wa Marekani uhuru na uraia mwaka 1863." Tangazo la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863 lililenga majimbo yaliyoasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe; Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, ambayo yalibaki upande wa serikali huku yakiruhusu utumwa, hayakuguswa. Utumwa ulifutwa nchi nzima kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba mwezi Desemba 1865, na uraia ukaandikwa katika Katiba kwa Marekebisho ya 14, Julai 1868, Lincoln akiwa amekwisha kufariki zaidi ya miaka mitatu nyuma.

Miaka husahihishwa kwa kalamu nyekundu, jambo likaisha. Linaloniumiza ni picha inayobaki kichwani mwa kijana, kwamba karibu watu milioni 4 walikaa kimya wakimngoja mtu mmoja awahurumie. Picha hiyo haistahimili nyaraka, na ndiyo maana nasema nyaraka zenyewe ziingie darasani.

Lifungue jalada la kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani. Notisi zetu, zikimtaja kabisa, humtaja kwa mstari mmoja: alishtaki, akashindwa mwaka 1857. Lakini karatasi za kwanza ziliwasilishwa mahakamani St. Louis, Missouri, tarehe 6 Aprili 1846, na zilikuwa za watu wawili, Dred na mkewe Harriet, kila mmoja na ombi lake, kila mmoja akiweka alama ya X mahali pa sahihi. Hoja yao ilikuwa na msingi imara wa kisheria. Walikuwa wameishi Fort Snelling, kituo cha jeshi katika eneo ambalo sheria ya Bunge ilikataza utumwa, na kwa zaidi ya miaka 20 mahakama za Missouri zilikuwa zikikubali kwamba aliyekaa kwenye ardhi huru amekuwa huru hata akirudishwa. Majalada zaidi ya 300 ya watu waliodai uhuru wao katika mahakama za St. Louis yamehifadhiwa hadi leo. Dred alishinda mwaka 1850. Miaka miwili baadaye mahakama ya juu ya jimbo ikaupindua uamuzi huo na kuutupa msimamo wake yenyewe.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ndipo ikaja hukumu ya Jaji Mkuu wake, Roger Taney, Machi 1857, kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani, kwa madai kwamba waasisi wa taifa walimwona kuwa kiumbe duni asiye na haki ambayo mzungu alilazimika kuiheshimu. Maneno haya hunukuliwa sana, na ni sawa yanukuliwe. Kisichosomwa ni jibu la Jaji Benjamin Curtis, aliyepinga hukumu ile akitumia kumbukumbu za majimbo yenyewe: katika majimbo matano, New Hampshire, Massachusetts, New York, New Jersey na North Carolina, weusi huru waliotimiza masharti walikuwa na haki ya kupiga kura tangu kabla ya Katiba ya taifa kuandikwa. Jaji Mkuu alidai kuisimulia historia, na historia ilikuwa imemkana kwa maandishi. Mwanafunzi akisoma hukumu hizi mbili bega kwa bega, atajifunza mengi zaidi kuhusu ushahidi kuliko atakavyojifunza kwa kukariri muhula mzima.

Kisha asome ombi la Nashville. Tarehe 9 Januari 1865, wanaume weusi wa Tennessee waliuandikia mkutano wa wafuasi wa serikali uliokuwa ukikutana katika jiji hilo, na mwanzoni kabisa wakajitambulisha kuwa raia wa Marekani wenye asili ya Afrika. Hukumu ya Taney ilikuwa haijafutwa. Marekebisho ya 14 yalikuwa bado miaka mitatu mbele. Wakauliza: ikiwa tunaitwa kupigana na waasi kwenye uwanja wa vita, kwa nini tunyimwe kupiga kura dhidi ya waasi hao hao kwenye sanduku? Hawa hawakuwa wakiomba zawadi. Walikuwa wakidai kilicho chao kwa hoja ambayo mpaka leo sijaona jibu lake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nyaraka nazo hupotosha. Orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860 huandika jina la mmiliki, na chini yake safu za umri, jinsi na rangi, kwa kawaida bila jina hata moja la mtumwa. Anayezisoma kama ukweli kamili atawafuta watu wale mara ya pili. Dawa yake ni kuziweka kando ya nyaraka nyingine. Chukua mafaili ya pensheni za wajane wa askari weusi: sheria za Kusini hazikutambua ndoa za watumwa, kwa hiyo mjane asiye na cheti alileta mashahidi waliotoka shamba lile lile, nao wakaeleza kwa kiapo ni nani alimwoa nani na watoto gani walizaliwa. Majina yaliyokosekana kwenye sensa yanapatikana humo.

Wako wanaosema historia hiyo ni ya mbali. Merikani, kile kitambaa cha pamba kilichouzwa Unguja katika karne ya 19, kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Umbali huo sijauona.

Walimu wana vipindi vichache na madarasa yamefurika, hilo nalijua. Lakini dondoo za Taney, za Curtis na za ombi la Nashville zinaenea kwenye karatasi moja ya pande mbili, na swali la mtihani linaweza kubadilika bila kuongeza shilingi moja kwenye bajeti. Watahini waache kuuliza ni nani aliyewapa uraia. Waulize watu wa Nashville walijiita raia kwa ushahidi gani, na kwa nini Jaji Mkuu wa nchi yao alikuwa ameukataa uraia huo kabla yao.