LS 400 haikuwa gari la muundo rahisi
Nimesoma makala inayodai kuwa Lexus LS 400, gari la kifahari la Toyota, imedumu hadi leo kwa sababu haikuwa na mambo mengi. Hapo sikubaliani na mwandishi wake. Eiji Toyoda, mwenyekiti wa Toyota, alianzisha mradi huo mwaka 1983, gari likazinduliwa 1989 likiwa na injini ya V8 (silinda nane) ya lita 4. Kitu rahisi hakichukui miaka sita. Limedumu kwa kuwa liliundwa kwa vipimo vikali mno. Anayenunua lililotumika asilewe utulivu wa injini (ni mtamu kweli, sikatai): pampu ya usukani huvuja, mafuta yakadondokea alteneta (kizalisha umeme cha gari) iliyo chini yake, na kapasita (vijisehemu vya kuhifadhi umeme) za kompyuta ya injini huvuja kwa uzee. Mkanda wa taimingi (unaoratibu valvu na pistoni za injini) usio na risiti ya kubadilishwa, hesabu haujabadilishwa. Mliowahi kumiliki, mlichukua yenye springi za kawaida au za hewa?