Suruali Hushikwa na Mkanda

Najua wengi wenu mmeshaisikiliza ile sauti ya Shemeji ya dakika nne, kuhusu yaliyonikuta na bunduki yangu uwanja wa shabaha. Dakika nne! Tukio lenyewe halikufika hata mbili. Kwa hiyo naandika mbiombio kabla haijamfikia mama mkwe, kama haijamfikia, na naanza na masahihisho. Bunduki haikulipuka. Sikulia, ule ulikuwa moshi. Na sikusema "nakufa". Nilisema "nafunga", yaani bolti, kile chuma cha kusukuma kinachofunga bunduki nyuma ya risasi.

Basi. Wale wa siku nyingi mnaijua bunduki yangu ya .300 Winchester Magnum, na mnajua maganda ya risasi zake, yakishafyatuliwa, huwa nayajaza upya mwenyewe. Mnaijua pia nadharia yangu ya mkanda, maana nimewachosha nayo. Ganda la magnum ya namna hii lina pete nene pale karibu na kitako, mithili ya mkanda kiunoni, na pete hiyo ndiyo inayogota kwenye ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, ili risasi isizame zaidi. Hapo ndipo hedispesi yake inapopimwa, yaani ile nafasi kutoka uso wa bolti hadi pale risasi inapogotea. Holland & Holland wa London, watengeneza bunduki, walikuwa na sababu: risasi yao ya .375 ya mwaka 1912 ina mabega yaliyoteremka kama ya chupa, hayana pa kugotea kwa uhakika. Wakaifunga mkanda. Mimi nikalichukua hilo nikaligeuza dini.

Shemeji nilimfundisha mwenyewe kujaza risasi. Wiki mbili kabla ya balaa aliniuliza, kwa adabu kabisa: "Shemeji, mbona nasikia watu wanasema tupime begani hata kama ganda lina mkanda?"

Nikacheka. Nikamwekea mkono begani (begani, Mungu ananiona) nikamwambia: "Shem, suruali hushikwa na mkanda au na mabega?"

Akanyamaza. Nikajua nimeshinda. Kumbe mwenzangu anaweka akiba.

Kwa imani hiyo, ile kalibu ya chuma inayorudisha ganda umbo lake baada ya kufyatuliwa nilikuwa naizungusha kwenye presi mpaka inagonga kishikio cha ganda, halafu naiongezea robo mzunguko, kama karatasi ya maelekezo ilivyosema. Bega linarudishwa nyuma kiasi gani, sikujali. Si kuna mkanda? Nikafanya hivyo mara nne, maganda yaleyale. Na kila mara nilikiona kimstari kinachong'aa kimelizunguka ganda, juu kidogo tu ya mkanda. Unajua nilikifanyaje? Nilikisugua. Ganda linanililia "bwana, nakatikia hapa", mimi nalipaka dawa ya kung'arishia shaba. Yalikuwa maganda mazuri sana, nawaambia. Yalimeremeta.

Jumamosi, uwanja wa shabaha, mstari umejaa. Nimepiga tatu, zimekaa vizuri. Shemeji yuko nyuma yangu na darubini. Ya nne nikaivuta.

Mlio ulikuwa wa kawaida. Hili nalisisitiza kwa sababu Shemeji kwenye sauti yake anaiga mlio wa bomu. Ulikuwa mlio wa kawaida, ila kukaja na pumzi ya moto shavuni, kama mtu amekufungulia sufuria karibu na uso. Miwani ikaingia ukungu. Nikajiambia ni upepo. (Bendera zilikuwa zimelala. Msiniulize.)

Nikavuta bolti nyuma. Kitu kikaruka, kikatua kwenye mkeka kwa sauti ndogo mno. Ting. Maganda yangu huwa yanaanguka kwa "tlang", lakini sikugeuka. Nikasukuma risasi ya tano. Ikaenda vizuri, ikaenda, ikasimama. Nikasukuma. Imesimama. Nikasukuma kwa kiganja. Nikasukuma kwa kiganja huku nimefumba jicho moja, kana kwamba jicho ndilo linaloizuia.

"Inagoma?" akauliza Shemeji.

"Hii moja ni ndefu," nikasema, mtaalamu. "Nilipitiwa kuipima." Nikaitoa, nikaweka nyingine. Nayo ndefu. Nikaweka ya tatu. Hapo jirani wa kushoto ameshaweka bunduki yake chini, anatazama. Nami nikaona kwa kuwa kuna watazamaji, nieleze. Naomba mnielewe: bolti imekwama, jasho linanitoka, na bado nikaanza mhadhara. "Unaona," nikasema, "uzuri wa mkanda ni kwamba..."

"Shemeji."

"Subiri. Uzuri wa mkanda ni kwamba hata ganda likiwa..."

"Shemeji, hiki ni cha nani?"

Nikageuka. Amekishika kwa vidole viwili, kwa kidole gumba na cha shahada, kidogo kidogo vile, amekiinua juu kwenye mwanga. Kikombe cha shaba. Hakikufika hata sentimita moja na nusu. Kinameremeta.

"Kifuniko cha chupa ya mtu," nikasema. Nililisema hilo kwa mdomo wangu.

Shemeji akakipindua. Akavua miwani. Akakisogeza machoni, akasoma kitakoni taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba: "Mia tatu... Win... Mag." Kisha akakizungusha tena, akakipapasa kwa kucha. "Mkanda upo, Shemeji. Mkanda mzima kabisa. Haujaguswa. Sasa suruali iko wapi?"

Mstari mzima ukacheka. Jirani wa kushoto alilala chini. Kuna mtu alikuwa anapiga mita mia mbili akakosa karatasi nzima, na ananidai.

Suruali ilikuwa ndani ya chemba. Kuanzia juu ya mkanda mpaka shingoni, sehemu yote ya mbele ya ganda imebaki humo imebana, nami nimekuwa nikiishindilia risasi nzima juu yake kwa kiganja. Nikifikiria hilo sasa, kicheko kinanikauka.

Mzee anayesimamia mstari akaja na ufito wake na brashi ya shaba. Akaipitisha kutoka nyuma mpaka ikatokeza mbele ya mdomo wa ganda, akaivuta. Nywele zikanasa, ganda likatoka kama soksi. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. "Kijana wangu," akasema, "kwenye ganda jipya mkanda ndio mwenyeji. Ukishalifyatua, mwenyeji ni bega."

Nilijifanya najua. Usiku ndipo nilipoelewa. Pini ya kufyatulia inaisukuma risasi mbele mpaka mkanda unagota. Moto ukiwaka, ukuta mwembamba wa mbele unajikunjua na kung'ang'ania chemba. Kitako ni kinene, hakishiki, kinarudi nyuma kuifuata bolti. Nafasi ile nani anaijaza? Ganda lenyewe, kwa kunyooka palepale juu ya mkanda. Halafu mimi nalirudisha bega nyuma upya na kulinyoosha upya, mara nne, huku nalisugua. Nilipopima, kalibu yangu ilikuwa inalirudisha bega karibu nusu milimita. Unene wa karatasi tano. Linatakiwa kurudi kama sehemu tano za mia za milimita, nusu ya karatasi moja.

Mengine yalikwenda haraka. Nilipinda ncha ya waya, nikapapasa ndani ya maganda 40 yaliyobaki, 31 yalikuwa na mfereji ndani. Yote kwenye chuma chakavu, na yale 9 pia, simwamini mtu tena. Nikatoa pini kwenye bolti nisikie kwa mkono tu, nikaipandisha kalibu, nikaishusha kidogo kidogo mpaka mkono wa bolti ukateremka na kubana kidogo sana mwishoni. Nikaipeleka bunduki kwa fundi, akaichunguza chemba, akasema ni nzima. Kisha akaniuliza: "Wewe ndiye wa suruali?"

Sauti ilikuwa imeshafika.

Jana nimekuta kifurushi mlangoni. Ndani yake kanda mbili za kushikia suruali, zile zinazopita mabegani, nyekundu. Hakuna barua. Nimezivaa ninapoandika hapa. Zinabana kidogo begani, na sasa najua hivyo ndivyo inavyotakiwa.