Andikia kwenye kompyuta, chapishia kwenye tovuti

Kuandika makala ndefu ya blogu ndani ya kivinjari ni kuutegemea mtandao kwa kazi isiyouhitaji. Bando likikata ukiwa aya ya tano, unabaki kuomba Mungu kile kivinjari kiwe kimehifadhi kitu. Ndiyo maana natetea programu za kompyuta: Open Live Writer kwa wenye Windows, ya bure, na MarsEdit ya kulipia kwa wenye Mac. Nazitetea kwa kuandikia tu. Kitufe cha kuchapisha kiacheni hukohuko kwenye tovuti.

Kabla ya kuunganisha programu hiyo na WordPress, mfumo unaoendesha blogu yako, fungua kwenye kivinjari anwani ya blogu yako ukimalizia na /xmlrpc.php, mlango ambao programu za nje hupitishia makala. Ukijibiwa kwamba hapo yanapokelewa maombi ya POST (ya kutuma data) pekee, mambo safi. Ukiona 403 (umekatazwa kuingia), mlango umefungwa na kampuni inayokuhifadhia tovuti au na programu-jalizi ya ulinzi, na huwezi kuwalaumu: wabahatishaji wa nywila waliuzoea mno mlango huo.

Nywila yako kuu usiiweke kwenye programu. Tangu toleo la 5.6, la Desemba 2020, WordPress hukutengenezea nywila ya programu moja kwenye ukurasa wa wasifu wako. Ina herufi na tarakimu 24, na huonyeshwa mara moja tu, kwa hiyo inakili papo hapo. Laptopu ikiibwa, unaifuta hiyo peke yake.

Open Live Writer itaomba kuchapisha posti ya muda ili isome mwonekano wa blogu. Kataa. Huifuta baadaye, ndiyo, lakini wanaopokea makala zako kwa barua pepe wanaweza kuwa wameshaletewa takataka yenye kichwa "Temporary Post Used For Theme Detection".

Picha ndizo zinazosumbua zaidi. XML-RPC, yaani mawasiliano yanayopitia mlango ule wa xmlrpc.php, huzigeuza kuwa maandishi ya base64 (data iliyoandikwa kwa herufi, tarakimu na alama chache), na uzito hupanda kwa theluthi: picha ya KB 800 inafika kwenye seva ikiwa imepita KB 1,060. Seva inayoendeshwa na programu ya nginx ambayo haijabadilishwa mipangilio ina kikomo cha MB 1, hivyo unapata kosa la 413 (ulichotuma ni kikubwa mno) huku ukijiapiza kwamba picha yako ni ndogo. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,200, JPEG ya ubora wa 80, ndipo uiingize.

Halafu kuna ritifaa. Programu nyingi, Word ikiwemo, huipindisha ile ya "ng'ombe", ikawa ’ badala ya ', bila kukuuliza. Msomaji akitafuta ndani ya blogu kwa ritifaa iliyonyooka, makala yako ya ng'ombe haitokei, kwa sababu kwenye hifadhidata hizo ni alama mbili tofauti. Zima upindishaji huo kwenye mipangilio. WordPress yenyewe huipindisha wakati wa kuonyesha, bila kugusa kilichohifadhiwa.

Mwisho, tuma kama rasimu. Tangu toleo la 5.0, maandishi yatokayo nje huingia kwenye kihariri yakiwa bloku (kipande cha kujengea makala) moja ya mtindo wa zamani. Yageuze kuwa bloku za kawaida, kagua vichwa vidogo na picha, ndipo uchapishe. Ukishayageuza, usiyafungue tena kwenye programu ya kompyuta: ikivuruga alama zilizofichwa zinazotenganisha bloku, utakaporudi kwenye tovuti utaambiwa bloku ina maudhui yasiyo halali, nawe uanze kurekebisha mojamoja.